Waliofika kwa Mbao



 Ndugu wapendwa, nasema hasa nanyi mnaosikiliza mkiwa nyumbani kwa sababu hamkuweza kwenda kanisani. Leo nitasema habari zenu kuliko za wengine, na sehemu ya maneno yangu itakuwa maungamo.

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 27, Mtakatifu Luka anasimulia safari ya Mtume Paulo kwenda Roma akiwa mfungwa. Merikebu yao ilisukwasukwa na tufani muda wa siku 14, hata ikakwama karibu na kisiwa cha Malta, na tezi yake ikaanza kuvunjika kwa nguvu ya mawimbi. Ndani mlikuwa na watu 276. Askari walitaka kuwaua wafungwa wasije wakatoroka, lakini akida akawazuia. Kisha akaamuru wanaojua kuogelea wajitupe kwanza baharini waelekee pwani, na wasiojua washike mbao na vipande vya merikebu. Luka anatujulisha kwamba kwa njia hizo mbili watu wote walifika nchi kavu, asipotee hata mmoja.

Miaka mingi nimeihubiri sura hiyo nikiitazama tufani, au nikikimbilia sura inayofuata, kwa yule nyoka aliyemng'ang'ania Paulo mkononi. Penye mbao sikuwahi kusimama. Aliyenisimamisha hapo ni dada yangu, tena katika kisiwa hicho hicho cha Malta.

Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa. Alikwenda Uingereza akiwa kijana, akafanya kazi ya uuguzi mpaka akastaafu, na katika miaka ya mwisho ya kazi ugonjwa wa kisukari ukasababisha akatwe mguu wa kushoto, juu ya goti. Mguu wa bandia anao, lakini kwa mwendo mrefu hutumia kigari cha umeme, chombo chenye kiti, usukani na magurudumu manne, kinachokwenda kwa betri taratibu kama mwendo wa mtu mwenye haraka kidogo. Mwezi wa Oktoba 2023 wanawe walimlipia safari katika meli ya watalii inayozunguka Bahari ya Kati. Walitaka awepo mtu wa kufuatana naye, naye akamtaka mdogo wake. Nikapewa ruhusa, nikamkuta katika bandari ya Civitavecchia, ambayo ndiyo bandari ya Roma kwa meli za namna hiyo.

Niwaeleze kidogo jinsi mtu wa namna yake anavyosafiri, maana mimi sikujua. Miezi kadhaa kabla ya safari aliulizwa maswali. Kigari kina upana gani? Uzito gani? Betri yake ni ya aina ipi? Je, yeye mwenyewe aweza kusimama na kutembea hatua chache, au hawezi kabisa? Akapewa chumba chenye mlango mpana, kwa kuwa kigari lazima kilale ndani ya chumba. Kikiachwa ukumbini, usiku ukitokea moto watu watajikwaa. Katika baadhi ya bandari, kama kisiwa cha Santorini huko Ugiriki, meli haifungi gatini bali hutia nanga nje, na abiria hushushwa kwa mashua. Huko mwenye kigari aghalabu hubaki sitahani akitazama wenzake wakienda. Dada alikuwa ameipanga safari yake kwa kuzichunguza bandari moja moja, ipi ina gati na ipi haina, kama mama anavyopekua mchele. Alipokuwa akinieleza hayo, nilifikiri moyoni kwamba ni mahangaiko mengi kwa ajili ya matembezi tu.

Malta alikuwa na haja nayo. Alitaka kusali mahali ambapo Paulo alitoka majini.

Basi asubuhi moja tuliamka tukiwa tunaingia katika Bandari Kuu ya Valletta. Mbele yetu palisimama kuta za mawe ya rangi ya asali, kubwa mno, zimejengwa juu ya mwamba unaotoka baharini. Mji huo ulianzishwa mwaka 1566, baada ya vita vikali vya mwaka uliotangulia, na Jean de Valette, mkuu wa Shirika la Mtakatifu Yohane, watawa waliobeba silaha. Ukiutazama kutoka melini unajua mara moja kwamba ulijengwa ili mtu asiweze kuupanda. Nilimwangalia dada juu ya kigari chake, nikazitazama kuta zile, nikasema, "Dada, leo labda tukae melini tupunge upepo." Hakunijibu. Alikuwa anavaa kofia.

Kushuka kwenyewe hakukuwa na shida. Bahari ya Kati haipwi na kujaa sana kama yetu, ambayo hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi, kwa hiyo daraja la kushukia halikuwa na mwinamo mkali. Mabaharia wawili walisimama ubavuni, mikono nyuma, tayari kusaidia lakini bila kumgusa. Akashuka mwenyewe. Tukafuata barabara ya gatini mpaka chini ya ukuta, na hapo nikaona kitu kilichonifumba kinywa. Ni lifti, imesimama wima kandokando ya ngome, yenye urefu wa mita 58, inayopeleka watu juu kwenye bustani iitwayo Upper Barrakka.

Zamani hapo palikuwa na lifti nyingine, iliyofunguliwa mwaka 1905. Ilifungwa mwaka 1973, ikabomolewa mwaka 1983, na hii ya sasa haikufunguliwa hata mwezi wa Desemba 2012. Hesabuni wenyewe, ni karibu miaka 40. Katika miaka hiyo yote mwamba ulikuwa ule ule, na watu wenye miguu kama ya dada yangu walikuwepo. Tulipanda kwa muda usiofika nusu dakika, kigari na mwenyewe na mimi na watu wengine kumi na kitu, wengi wao wazima kabisa, wenye miguu miwili, nao wakafurahi kama sisi kwamba hawakupanda ngazi.

Juu, Valletta ni mji wa namna mbili. Barabara yake kubwa imefuata mgongo wa kilima, nayo kwa sehemu kubwa haina shida. Lakini vichochoro vinavyoikata hushuka pande zote mbili kuelekea baharini, na vingi vina ngazi, ngazi zisizokwisha. Dada alijifunza upesi. Alifika kwenye kona, akachungulia, akageuza. Akaenda kona nyingine, akachungulia, akageuza. Mimi nilitembea nyuma, na baada ya saa moja nilikuwa nimeuona mji kwa namna ambayo sijapata kuuona mji wowote. Sikutazama tena minara wala madirisha, nilitazama chini, kwenye vizingiti. Sentimita kumi zilizonipita bila habari maisha yangu yote sasa zilikuwa mlango wazi au mlango uliofungwa.

Tukafika penye kanisa moja, sitalitaja jina, ambalo dada alikuwa amelitaka tangu nyumbani. Mlango wake ulikuwa na ngazi tatu.

Watu wanne wakaja mbio. Naomba mnisikie vizuri, walikuwa watu wema. Mmoja alivua koti lake kabisa. Wakaonyesha kwa ishara kwamba wawili watashika mbele na wawili nyuma, watamnyanyua yeye na kigari chake. Nikashukuru, nikashika upande mmoja na mimi. Dada akaweka mkono juu ya usukani akasema kwa Kiingereza, kwa upole, "Hapana, asanteni."

Nikaona haya. Nikamwambia kwa lugha yetu, "Dada, watu hawa wana nia njema. Usiwavunje moyo." Tangu nilipopata upadrisho dada yangu huniita Padre, isipokuwa akikasirika, hapo hunitaja kwa jina la utotoni. Siku hiyo alilitumia lile jina.

"Unakumbuka," akasema, "siku uliponibeba kwako?"

Nilikumbuka, na nilikuwa naikumbuka kama siku njema. Miaka michache kabla, alikuja likizo nyumbani, nami nikataka aone kanisa letu jipya la parokia. Ninyi mlio katika parokia zinazojenga mnajua nguvu inayokwenda humo, harambee, michango ya Jumuiya Ndogo Ndogo, WAWATA na mahindi yao, vijana na tofali zao. Kanisa lile nililisimamia mimi. Mbele yake niliagiza ngazi saba, na siku ya kutabarukiwa nikawaeleza waamini kwa fahari kwamba ngazi hizo ni Sakramenti saba, tunapanda moja baada ya nyingine kumwendea Mungu. Watu walipiga makofi. Dominika hiyo dada alipofika, vijana sita walimnyanyua akiwa juu ya kiti, wakampandisha kwa nyimbo, na kanisa zima likapiga vigelegele. Mimi nilikuwa mlangoni nimevaa kasula, machozi ya furaha yakinilengalenga. Dominika iliyofuata alisema hajisikii vizuri. Iliyofuata pia. Kisha likizo ikaisha akarudi Uingereza, nami sikuuliza zaidi. Nilisema ni sukari.

Sasa, mbele ya kanisa lile la Valletta, akaniambia. "Walinibeba kama sanamu ya maandamano. Nguo ikapanda, mguu uliokatwa ukaonekana mbele ya watoto niliowaogesha wakiwa wadogo. Hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nikisali nisianguke, sikuweza kusali kingine. Padre, uliniwekea Sakramenti zote saba mlangoni, nami siwezi kuifikia hata ya kwanza."

Wale watu wanne walikuwa bado wamesimama, wasielewe tunachosema. Mzee mmoja, nadhani alikuwa mtunza kanisa, alitoka ndani, akatazama kigari, akatazama ngazi, akatuita kwa kidole tumfuate. Akatuzungusha mpaka kwenye mlango wa ubavuni, kichochoroni, ambako palikuwa na kizingiti kimoja tu. Akaingia, akarudi na ubao mnene, mrefu kuliko yeye, wenye alama za kutumika, akaulaza juu ya kizingiti, akaukanyaga mara mbili kuujaribu. Kisha akasogea pembeni. Hakunyoosha mkono. Dada akapanda mwenyewe, akaingia, akaenda mpaka mbele, akakaa kimya kwa muda mrefu. Mimi nilibaki mlangoni nikiutazama ule ubao.

Wapendwa, hapo ndipo niliposoma upya sura ya 27. Akida hakuamuru wenye kuogelea wawabebe wasiojua mgongoni. Pengine wangezama wote. Aliwaonyesha mbao, na mtu akashika ubao wake akafika pwani kwa mikono yake mwenyewe, amelowa sawa na mwenzake aliyeogelea. Na wenyeji wa Malta, tunasoma mwanzo wa sura ya 28, waliwasha moto kwa sababu ya mvua na baridi, wakawakaribisha wote. Mbele ya moto ule nani angeweza kujua aliyefika kwa kuogelea na aliyefika kwa ubao?

Sisemi kubeba ni kubaya. Yule mwenye kupooza wa Kafarnaumu alibebwa na watu wanne mpaka darini, na Bwana akaitazama imani yao. Katika visiwa na bandari zetu wazee hupandishwa vyomboni kwa mabega ya watu, na wakati mwingine hakuna njia nyingine. Lakini mtu aliyebebwa huingia pale wabebaji wanapotaka, kwa saa wanayotaka wao, na hutoka wakikumbuka kuja kumchukua. Akitaka kutoka katikati ya mahubiri kwa sababu mahubiri ni marefu, hawezi. (Wengi wenu mnaweza, nami huwaona.)

Kitu kingine kilinichoma katika mji ule. Hao watawa wa Mtakatifu Yohane walioujenga walikuwa na wito wa kuhudumia wagonjwa kabla ya kuwa na silaha, na mapokeo yao yaliwataka wamwone mgonjwa kuwa ni bwana wao. Mwaka 1574 walianza kujenga hospitali kubwa hapo Valletta, yenye ukumbi wa wagonjwa unaozidi urefu wa mita 150, na wagonjwa waliandaliwa chakula katika vyombo vya fedha. Jengo hilo lipo hadi leo. Fikirini, sahani ya fedha kitandani, na nje ngazi kila upande. Mgonjwa aliheshimiwa sana maadamu amelala. Nikajiona mimi mwenyewe, ninavyopeleka Komunyo kwa wagonjwa kila Ijumaa ya kwanza, nimevaa stola, nikiwa na kengele na mshumaa, kwa heshima yote.

Na ngazi za Valletta zina udhuru, maana mji umekaa juu ya mwamba. Kanisa langu limekaa penye tambarare. Tulileta udongo kwa malori kuinua msingi, ili lionekane kutoka barabarani. Fundi alinishauri kwamba kwa maji ya mvua kimo cha ngazi mbili kingetosha. Nilimwambia nyumba ya Mungu haiwezi kuwa na ngazi mbili.

Saa sita kamili tulikuwa tumerudi bustanini. Hapo hupigwa mzinga kila siku adhuhuri, nasi hatukujua. Dada aliruka kidogo kitini, kisha akacheka mpaka akafuta machozi, na hasira zote zikaisha. Tukashuka kwa lifti, tukawahi meli.

Niliporudi nyumbani nilifungua daftari la wagonjwa wa parokia. Walikuwa 11. Nilikwenda kwa kila mmoja na swali ambalo sikuwahi kuliuliza, "Lau pangekuwa na njia, ungependa kuja mwenyewe?" Wanne kati yao, ndugu zangu, hawakuwa wagonjwa. Walikuwa watu wazima wenye afya waliozuiliwa na ngazi, nami kwa miaka nimewaandika katika daftari la wagonjwa na kuwaombea wapone.

Tena kulikuwa na mtu wa tano ambaye hata daftarini hakuwamo. Ni fundi viatu anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono. Kila Dominika alikaa chini ya mwarobaini, karibu na dirisha la upande wa wanakwaya. Nilidhani anapenda upepo. Wengine walidhani anangoja wateja. Nilipomuuliza, alinitajia mahubiri yangu ya miaka minne, mengine nilikuwa nimeyasahau, na akaniuliza kwa adabu kama ni kweli kwamba altare yetu ni ya jiwe jeupe. Alikuwa amesikia.

Halmashauri ya walei ilikutana mara tatu. Wengine walisema fedha hakuna, na kweli hazikuwepo. Mmoja, mtu mzuri anayetoa sana, akasema uso wa kanisa utaharibika, na tena watu wenyewe ni watano tu. Katekista mmoja wa kigango akamjibu kwamba mwaka ujao mama yake yeye aliyesema atafikisha miaka 80. Hapo mkutano ukatulia. Sheria nayo ipo, maana Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, lakini sikutaka kuileta sheria mahali ambapo Luka amekwisha kusema.

Kwa ajili ya makatekista wanaonisikiliza, wanaojenga makanisa ya vigango sasa hivi, nawapa kipimo kinachotumiwa na mafundi. Kwa kila sentimita moja ya kimo, njia ya mteremko iwe na urefu wa sentimita 12. Ngazi zangu saba, za sentimita 15 kila moja, zina kimo cha sentimita 105. Zilidai mteremko wa mita 12 na sentimita 60, pamoja na mahali pa kupumzikia katikati. Mteremko mfupi kuliko huo ni wa kuteleza, mtu mwenye kuzungusha kwa mikono haupandi, na mvua ikinyesha unamrudisha chini. Kama mngali katika msingi, gharama yake ni ndogo mno. Sisi tulilipa gharama ya kujenga, kisha ya kuvunja, kisha ya kujenga tena. Na kabla ya kumwaga zege, mwiteni mwenye kuitumia njia hiyo. Mmoja wao alituonyesha kwamba mlango wenyewe tuliufungulia upande usiofaa.

Njia yetu ilimalizika juzijuzi. Dada yangu anatazamiwa kuja Desemba. Amekwisha kuniuliza kwa simu maswali yote, upana, mwinamo, na kama kuna kizingiti juu, nami safari hii nilikuwa na majibu.

Yule fundi viatu hakungoja. Siku ya pili, saruji ikiwa bado mbichi kidogo, alipanda alfajiri kabla ya Misa, peke yake, hakuna aliyemwona. Tulikuta alama tatu za magurudumu yake kuanzia chini mpaka mlangoni. Fundi mwashi alikuja na mwiko kuzisawazisha. Nilimwomba aziache.